Kona ya Kiingereza: Punje ya Hindi Juu ya Neno



Juma hili sitaanza na maneno mapya kama ilivyo desturi ya kona hii. Kwanza nataka kuwasimulia habari ya daftari moja, maana nadhani daftari la namna ile limo katika nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili. Mwenye habari ameniruhusu niiandike, mradi nisitaje jina lake.

Siku moja ya mwezi wa sita, karibu na likizo, mzee mmoja wa kigango cha jirani alikuja ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha mtoto wake mdogo. Nikakiandika, nikakipiga muhuri, nikampa. Hakuondoka. Alimwita binti yake aliyekuwa akingoja nje chini ya mwembe. "Njoo ndani. Mpe karani lile daftari."

Binti aliingia, akaniamkia, akaliweka daftari mezani kwa mikono miwili. Yuko kidato cha kwanza. Nikalifungua. Kwa kweli lilikuwa safi kuliko mengi niliyoyaona chuoni wakati najifunza ualimu: mstari mwekundu katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na kila neno lina namba yake, 1 mpaka 412. "Cure", ponya. "Long", refu. "Borrow", azima. "Lend", azima. Nikamwuliza maneno 20 ya hapa na pale, akayajibu yote bila kukwama. Nikamsifu.

Hapo baba yake akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa jaribio la Kiingereza la shuleni, maswali 20 ya kujaza nafasi iliyo wazi, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Alikuwa amepata 3.

"Karani," akasema mzee, "mimi Kiingereza sikijui, lakini kuhesabu mbuzi najua. Zizini wameingia 412, asubuhi wametoka 3. Hao wengine wameliwa na nini?"

Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi wa mtoto, aliyeko mjini, anatafuta msichana wa kumlelea watoto. Ada ya shule ilifutwa tangu 2016, hilo analijua. Lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa. Kama kichwa cha mtoto hakishiki, afadhali aende huko akapate hata nguo. Wakati wote huo binti alikuwa akitazama sakafu. Nikamwomba mzee aniachie karatasi ile usiku mmoja, na asimpigie simu shangazi kabla hajarudi kwangu.

Wazazi ambao hawajapata kuyaona maswali haya, nieleze kidogo. Mtoto hupewa sentensi ya Kiingereza iliyong'olewa neno moja, kama kinywa kilichong'olewa jino. Chini yake kuna maneno kadhaa, naye achague lile linalofaa kukaa katika pengo. Maswali ya namna hii yamo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa kwetu. Wenzetu wa Kenya, katika mtihani wao wa darasa la nane uliodumu toka 1985 hata 2023, waliwekewa habari nzima yenye mapengo 15. Basi si jambo geni. Lakini kwa watoto wetu lina uzito wa peke yake, maana katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo lageuka kuwa Kiingereza. Asiyeweza kujaza pengo katika somo la Kiingereza atakwama na katika biolojia, hata kama habari ya mbu na malaria aijua tangu utoto.

Usiku ule niliiweka karatasi chini ya taa. Kwanza nikapiga hesabu. Maswali ni 20, na katika kila majibu manne moja ndilo sahihi. Ukimwachia kuku adonoe tu, atapata kama 5. Binti huyu, mwenye maneno 412 kichwani, kapata 3. Kashindwa na kuku! Naam, 3 na 5 si mbali, na bahati mbaya nayo ipo. Lakini mtoto asiyejua kitu kabisa hupata kama kuku. Anayejibu kwa makini, kisha akapata chini ya kuku, yafaa kumtazama vizuri: pengine kuna kitu kinachomvuta upande mmoja kila mara. Nikayasoma majibu yake moja moja, nikakiona.

Swali la kwanza lilikuwa hivi:

"We can ______ malaria by sleeping under a mosquito net." Majibu: cure, prevent, suffer, treat.

Binti kachagua "cure". Kwa nini? Kwa sababu daftari lamwambia "cure" ni ponya, na malaria ni ugonjwa, na ugonjwa huponywa. Ameona neno "malaria", akakimbilia neno analolijua, akaandika, akaenda zake. Hakusoma mwisho wa sentensi. Lakini mwisho ndipo penye siri: "by sleeping under a mosquito net", kwa kulala ndani ya chandarua. Je, chandarua huponya? Mtu mwenye homa ukimtia ndani ya chandarua ataamka na homa yake. Chandarua huzuia, nalo "prevent" ndilo zuia. Mtoto yule ajua sana kazi ya chandarua, analala ndani yake kila siku. Swali halikumshinda kwa Kiingereza tu; alijibu kabla ya kusoma.

Chuoni walitufundisha kwamba majibu yasiyo sahihi huitwa vipotoshi, na mtunga mtihani huvichagua kwa kusudi. Kila kimoja ni mtego uliowekewa chambo cha mnyama fulani. "Cure" imewekewa yule anayejua neno moja akaona yatosha. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na humo huonyesha ni wangapi walivutwa na kipotoshi gani na kwa sababu gani. Walimu wanaosoma kona hii, zitafuteni taarifa hizo. Zinafundisha kuliko vitabu vingi vya mazoezi.

Twende swali jingine:

"The well behind the school is very ______, so the girls need a long rope." Majibu: tall, deep, high, long.

Binti kachagua "long". Hapa kosa si lake peke yake, ni la lugha yetu tamu. Sisi twasema mtu mrefu, kamba ndefu, mlima mrefu, kisima kirefu, na neno ni lile lile. Mwingereza ana manne. Mtu ni "tall", kamba ni "long", mlima ni "high", kisima ni "deep". Daftari lililoandika "long, refu" halikusema uongo, ila limesema robo ya kweli. Tena mtego ulikuwa na chambo cha pili: neno "long" lenyewe limo mwishoni mwa sentensi, pamoja na kamba, nalo likamwita.

Ukitaka kuona jambo hili vizuri zaidi, chukua neno letu "kali". Kisu kikali ni "sharp". Mbwa mkali ni "fierce". Baba mkali ni "strict". Dawa kali ni "strong". Jua kali na pilipili kali, yote mawili ni "hot". Sasa mtoto aliyeandika daftarini "kali" na mbele yake neno moja tu la Kiingereza, atampeleka baba yake kwenye jiwe la kunolea! Vivyo hivyo twasikia njaa, twasikia sauti, twasikia harufu. Mwingereza husikia sauti tu: njaa ni "feel" na harufu ni "smell".

Hilo la tatu lilinichekesha, maana hata mimi lilinitesa zamani:

"May I ______ your hoe? I will bring it back tomorrow." Majibu: lend, borrow, sell, send.

Jembe litarudishwa kesho, kwa hiyo ni kuazima. Lakini daftari lina maneno mawili, "borrow" na "lend", na yote mawili ni azima. Afanyeje? Karushia shilingi, ikaangukia "lend". Sisi kwetu anayetoa na anayepokea wote huazima, na twaelewana kwa kuwa twawaona. Kwa Kiingereza anayepokea hu-"borrow" na anayetoa hu-"lend". Sasa angalia, jambo hili halielezeki kwa neno moja mbele ya neno moja. Laelezeka kwa sentensi mbili: "I borrow a hoe from my neighbour. My neighbour lends a hoe to me." Maneno yale madogo, "from" na "to", ndiyo yanayoonyesha jembe linakwenda upande gani. Mtoto akiandika sentensi hizo mbili, hatarusha shilingi tena.

Na hili la mwisho, halafu niache karatasi ile:

"Although the boy was ill, ______ to school." Majibu: but he went, he went, so he went, and he went.

Binti kachagua "but he went", na nina hakika nusu ya darasa walifanya hivyo. Kwa Kiswahili twasema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda," na hakuna anayetushtaki. Kiingereza hakitaki. Ukiweka "although" mwanzoni, "but" abaki nyumbani. Milango miwili kwa chumba kimoja hawaipendi.

Kesho yake mzee akarudi na binti yake. Nikamwambia, "Mzee, mbuzi wako hawakuliwa. Wamo zizini wote, ila kila mmoja amefungwa kamba peke yake, hajui njia ya malishoni." Akaniangalia kama mtu anayengoja kuona kama karani atataka fedha. Basi nikamwonyesha.

Nilichukua karatasi ile ile. Kwa kila swali niliyafunika majibu manne kwa rula, nikabakiza sentensi yenye pengo. Nikamwambia binti: usitazame chini. Soma sentensi toka herufi ya kwanza mpaka nukta. Kisha niambie kwa Kiswahili, katika pengo hili ungetia neno gani? Akasoma ile ya chandarua, akasema, "Tunaweza... kuzuia malaria." Nikamwuliza kwa nini si kuponya. "Chandarua hakiponyi, mwalimu." Nikaondoa rula. Akatafuta zuia kati ya majibu, akaliona "prevent", akacheka peke yake. Kwa njia hiyo tukayapitia yote 20. Maswali 6 yalimshinda kweli, kwa sababu hakuyajua maneno. Mengine 14 alikuwa akiyaweza tangu mwanzo.

Wasomaji, siri yote ni katika rula ile. Mtoto akitazama majibu kwanza, majibu yanamtawala: kila neno analolijua humpungia mkono. Akitafuta kwanza neno lake mwenyewe, hata kwa Kiswahili, anakwenda sokoni akijua anachotaka kununua. Tena nimesema hata kwa Kiswahili kwa makusudi. Wako walimu wanaokataza kabisa Kiswahili katika somo la Kiingereza. Mimi nakubali kwamba katika kuzungumza yafaa mtoto azoee Kiingereza kitupu, lakini katika kutafuta maana, kumkataza lugha anayofikiria ni kumfunga macho kisha kumwuliza njia.

Halafu kuna maneno madogo yanayoonyesha njia, nayo mtoto ayapigie mstari kila ayaonapo. "Because" na "so" yasema kwamba upande mmoja ni sababu ya upande wa pili, kama kamba ndefu ilivyotueleza habari ya kisima. "But" na "although" yageuza mwendo. Tazama: "Her uncle is usually a cheerful man, but yesterday he was ______." Hata kama mtoto halijui neno "cheerful", akijua kwamba katika majibu manne matatu ni ya furaha na wema na moja ni "sad", basi "but" imekwisha kumjibu. Amepata alama kwa neno asilolijua! Tena akitoka hapo amejifunza kwamba "cheerful" ni kinyume cha "sad", na amejifunza bila daftari.

Pengine mtauliza mchezo huu wa mapengo ulitoka wapi. Una historia ya kupendeza. Alikuwako mtaalamu mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus. Katika kitabu chake cha 1885 alieleza jinsi alivyojijaribu mwenyewe kwa kukariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima amesahau kiasi gani. Akaona kwamba baada ya siku moja tu, akirudia kujifunza orodha ile ile, faida iliyobaki ya kazi ya jana ni kama theluthi moja. Lakini alipokariri beti za mshairi Byron, ambazo zina maana, kazi ilipungua ikawa kama sehemu moja ya kumi. Msomaji, kumbuka daftari la 412. Basi mtu huyo huyo, katika mji wa Breslau (siku hizi ni Wrocław, nchi ya Poland), alitakiwa kupima kama watoto wa shule huchoka akili kwa saa nyingi za masomo. Akawapa maandishi yaliyotolewa maneno na vipande vya maneno, wakayajaza kwa muda maalum. Akaona jaribio lile lawatofautisha waziwazi wanafunzi hodari na dhaifu. Ndiyo asili ya maswali yetu.

Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor akaugeuza mchezo. Alitoa maneno katika maandishi kwa mpango usiobadilika, kwa mfano kila neno la tano, akawapa watu wajaze. Yeye hakutaka kumpima msomaji, bali maandishi: watu wakishindwa kujaza, basi mwandishi kaandika vigumu. Sisi tunaoandika magazetini ingefaa tupimwe hivyo kila mwaka.

Na huko Marekani kuna mtihani mkubwa wa vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu, uitwao SAT, ulioanza 1926. Kwa miaka mingi ulikuwa na maswali ya kujaza nafasi yenye maneno magumu ambayo hata Wamarekani hawayasemi nyumbani. Majibu yalikuwa matano, na aliyekosea alikatwa robo ya alama. Pigeni hesabu: kuku akidonoa maswali matano, apata moja, akosa manne, robo nne ni moja, hana kitu. Walimfunga kuku mdomo! Lakini vijana walifanya nini? Walinunua vitabu vya orodha za maneno na vikadi, wakakariri usiku na mchana, kama binti yetu. Mwaka 2016 wenye mtihani wakayaondoa maswali yale pamoja na adhabu ile ya robo, wakisema wanataka maneno yanayotumika kweli katika masomo na kazi. Sasa mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, toka 2023 nje ya Marekani na toka 2024 huko kwao, na pengo limerudi. Ila limo ndani ya kifungu kifupi cha habari, na aliyekariri bila kusoma kifungu hapati kitu. Wako pia vijana wetu waliomaliza chuo kikuu ambao hufanya mtihani wa GRE ili waendelee na masomo ng'ambo. Humo, toka 2011, kifungu kimoja chaweza kuwa na mapengo mawili au matatu, na ukikosa moja umekosa yote. Mtoto wa kidato cha kwanza anayezoea leo kusoma mpaka nukta anajiandaa hata kwa hayo.

Sasa nirudi kwa mzee, maana aliniuliza swali lililonigusa. "Karani, wewe una rula na una Kiingereza. Nyumbani kwangu mimi nina mahindi." Nikamwambia mahindi yatosha. Mtoto afungue kitabu chake cha Kiingereza mahali alipokwisha kusoma darasani. Baba au mama, hata asiyejua neno moja la Kiingereza, achukue punje za hindi, aziweke juu ya maneno matano popote apendapo katika ukurasa. Punje moja hufunika neno fupi, neno refu hutaka mbili tatu. Mtoto asome kwa sauti, akifika penye punje aseme neno analodhani limefichwa na aseme kwa nini. Kisha mzazi ainue punje. Mzazi hatajua matamshi, lakini atajua kama mtoto amepata, maana mtoto mwenyewe atalisoma lililopo, na uso wa mtoto haufichi. Akikosa, sentensi nzima iandikwe daftarini, neno lile lipigwe mstari. Siyo neno peke yake! Sentensi nzima.

Matano kwa jioni yatosha. Na baada ya siku mbili tatu warudie ukurasa ule ule, punje zikae juu ya maneno yale yale yaliyomshinda. Yule Mjerumani aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa siku mbalimbali hushika kuliko kurudia yote kwa mkupuo mmoja. Penye mchwa wa kitabu, yaani wadogo zake wenye mikono ya ugali, wapewe gazeti hili la Kiswahili wafanye mchezo wao huko, na punje zao.

Kuhusu kamusi, neno moja. Nyumba yenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya TUKI iliyotolewa 1996, ina bahati. Lakini mtoto asichukue maana ya kwanza akafunga kitabu. Asome maana zote mpaka mwisho, kisha arudi kwenye sentensi aulize ni ipi inayokaa. Atumie kamusi baada ya kubahatisha, si kabla.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba sikuwaona kwa muda. Kisha mzee akaja, safari hii peke yake, na karatasi nyingine mfukoni, iliyokunjwa mara nne vile vile. Binti amepata 11 katika 20. Nikamshika mkono. Akasema hajaridhika, mbuzi 9 bado wako porini, na ya kuwa yule mdogo, wa cheti cha ubatizo, amemeza punje mbili. Habari ya shangazi hakuitaja, nami sikumwuliza.

Haya, vijana. Maswali ya juma hili ni matano. Funikeni kwanza majibu, someni mpaka nukta, semeni neno lenu, ndipo mfunue.

1. The knife was so ______ that it could not cut even a ripe banana. (sharp, blunt, strict, long)

2. Please ______ me to post this letter tomorrow. I forget easily. (remember, remind, forget, think)

3. My grandmother has lived in this village ______ 1961. (for, since, from, at)

4. He is a ______ driver. He has never had an accident. (careless, careful, hardly, hard)

5. There was ______ any water left in the pot, so the children went to the river. (hard, hardly, much, full)

La tano lina mtego ambao binti wa mzee aliuruka, na mwalimu mmoja rafiki yangu aliuangukia. Majibu yote yatatoka juma lijalo, pamoja na sababu zake.